Nani anaamuru ventilateri? Historia ya upepo ndani ya ordinateri zetu



Kila mtu aliyewahi kungojea karatasi yake katika nyumba ya kuchapa na kupiga fotokopi, hapa Goma au kule Bukavu, anaijua ile sauti. Ordinateri inawashwa, inanguruma kama ndege inayotaka kuruka, halafu inatulia. Siku nyingine haitulii kabisa. Siku nyingine tena haitoi sauti yoyote, na baada ya dakika kumi skrini inakuwa nyeusi, mteja bado amesimama na kadi yake mkononi. Mwenye mashini anasema ni virusi, jirani anasema ni umeme mbaya. Mara nyingi ni joto, na kati ya joto na mashini kuna kitu kimoja tu cha bei ndogo: ventilateri, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita feni.

Tunaileta habari hii kwa sababu jamaa nyingi zilizohama makwao na kuanza upya mjini hazina tena shamba. Ordinateri moja ya okazioni na printa yake ndiyo shamba lao la sasa. Inachapa barua za kuomba kazi, inatoa nakala za diploma, inajaza simu nyimbo, inalipia watoto masomo. Mashini hiyo ikifa, hakuna mtu wa kuwarudishia. Basi ni vizuri kujua ni nani anayeamua ventilateri izunguke kwa kasi gani, maana kwa miaka mingi hakukuwa na mtu yeyote, na leo anayeamua ni chipu ndogo kwenye karti mama, yaani ile bodi kubwa iliyoshikilia vyote. Chipu hiyo inakubali kupewa amri na wewe. Watu wachache sana wanalijua hilo.

Tuanze na joto lenyewe. Umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka kama joto, karibu wote. Prosesa ya wati 65 ni kama zile taa za zamani za balbu za wati 60, zile zilizochoma vidole, iliyofichwa chini ya kipande cha chuma. Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. ENIAC, ile ordinateri kubwa iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1946 katika chuo kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, ilikuwa na taa za elektroniki karibu 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Ilikuwa na mashini zake za kupuliza hewa, na vipimo vya joto vilivyokata umeme kama sehemu fulani ilizidi kuwa moto. Yaani ile ya kwanza kabisa tayari ilijua kujizima ili isiungue.

Ordinateri zilipoingia majumbani, watu walisahau kidogo. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ilitoa mashini iliyoitwa Apple III. Steve Jobs hakutaka ventilateri ndani yake kwa sababu ya kelele, hivyo sanduku zito la aluminiamu ndilo lilipewa kazi ya kutoa joto. Mashini nyingi zilisumbua, chipu zikilegea mahali zilipochomekwa, na wateja wakapewa shauri ambalo fundi yeyote wa hapa angelicheka: inua mashini kidogo juu ya meza, halafu iache ianguke, chipu zirudi mahali pake. Mwaka uliofuata, 1981, IBM ilitoa PC yake ya kwanza. Prosesa yake, Intel 8088, ilipiga mizunguko milioni 4.77 kwa sekunde na ilitumia umeme mdogo sana, hata radiateri haikuwekewa. Radiateri ninayosema hapa ni kile chuma chenye mabawa kinachokaa juu ya prosesa. Ventilateri ilikuwa moja tu katika mashini nzima, ndani ya alimentasio, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani. Ilizunguka kwa kasi ileile tangu unapowasha hadi unapozima. Hakuna aliyeiamuru.

Hali hiyo ilidumu miaka kumi na kitu. Kilichoivunja ni mashindano ya kasi. Prosesa 486 za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilianza kuhitaji radiateri, na zile za kasi zaidi zikahitaji ventilateri ndogo juu ya radiateri. Pentium ya kwanza ilipotoka mwaka 1993 ilitoa joto la wati 15 hivi, na tangu hapo ventilateri juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Lakini ziliunganishwaje? Kwa nyaya mbili tu, nyeusi na nyekundu, moja kwa moja kwenye umeme wa volti 12. Karti mama haikujua kama ventilateri ipo au haipo. Ikikwama kwa vumbi, mashini iliendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna shida, mpaka iungue. Mafundi wenye umri watakumbuka prosesa ngapi zilikufa hivyo, kimya kimya, bila hata tangazo kwenye skrini.

Mwaka 1995 Intel ilitoa mpango mpya wa namna ya kupanga sanduku, bodi na alimentasio, unaoitwa ATX. Ndio mpango ambao mashini za mezani zinaufuata mpaka leo, ndiyo maana unaweza kutoa bodi ya kampuni moja ukaiweka katika sanduku la kampuni nyingine. Ndani ya maandishi yake kulikuwa na nyaya za ziada, za hiari, ambazo zingeiwezesha bodi kupima na kuongoza kasi ya ventilateri ya alimentasio. Watengenezaji wengi hawakuzitumia. Wazo lilikuwa limezaliwa, lakini wakati wake haukuwa umefika.

Hatua iliyofika kweli ilikuwa waya wa tatu. Ventilateri za ordinateri hazina makaa ya kusuguana kama injini za zamani. Ndani yake kuna sumaku inayozunguka na kihisio kidogo kinachotambua sumaku inapopita, kazi inayotegemea ugunduzi wa Mmarekani Edwin Hall wa mwaka 1879. Kihisio hicho kinatakiwa hata hivyo ili injini ijue wapi pa kusukuma, basi mafundi wakatoa waya mmoja zaidi nje: kila mzunguko mmoja, mipigo miwili ya umeme. Hesabu mipigo, gawanya kwa mbili, umejua kasi. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya National Semiconductor ilitengeneza chipu ya kupokea mipigo hiyo, LM78, iliyoweza kusikiliza ventilateri 3 pamoja na kupima joto na volti za bodi. Kwa mara ya kwanza mashini iliweza kukwambia asubuhi: ventilateri ya prosesa haizunguki, bonyeza F1 kama unataka kuendelea. Ujumbe huo bado upo. Katika nyumba za kuchapa watu wengi wanabonyeza F1 kila siku kama salamu, bila kufungua sanduku waangalie.

Kusikia ni jambo moja, kuamuru ni jingine. Baada ya muda mfupi kampuni za Taiwan kama Winbond na ITE ziliweka kazi hiyo ndani ya chipu ambayo tayari ilisimamia klaviye na printa, na safari hii chipu ikapewa pia uwezo wa kupunguza kasi. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: kama ventilateri inazunguka haraka kwa volti 12, ipe 9, ipe 7. Watu wasio na bodi kama hizo walifanya hivyo kwa mikono. Waliunganisha ventilateri kati ya waya wa volti 12 na ule wa volti 5, ikabaki na tofauti yake, 7. Ulikuwa ujanja wa mafundi wasiopenda kelele, na katika mwaka 2002 mtu mmoja huko Vancouver, Kanada, Mike Chin, alianzisha hata jarida zima la kupima ordinateri zisizo na kelele.

Shida ya kupunguza volti ni kwamba unampunguzia mfanyakazi chakula chake. Akila kidogo atafanya kazi polepole, sawa. Ukizidisha kupunguza, hatasimama tena. Ventilateri nyingi hazianzi kuzunguka chini ya volti 5 au hata 6, na ile iliyokuwa ikizunguka vizuri ikiwa mpya inaweza kukataa kuanza ikishazeeka na mafuta yake kukauka. Tena kile kihisio cha kasi kinakula chakula kilekile. Ukikata umeme wake kwa vipande ili kupunguza nguvu, hesabu ya mizunguko inavurugika, bodi inaona kasi ya uongo.

Niruhusuni kutoka njiani kidogo, kwa sababu miaka hiyohiyo ilitugusa sisi. Mwaka 2000, wakati dunia ilikuwa ikinunua ordinateri, simu na mashini za michezo kwa pupa, bei ya tantali ilipanda sana, na tantali hutoka katika koltani. Watu wa Masisi na Rubaya hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Tantali huingia katika vile vidonge vidogo vya rangi ya njano au nyeusi vinavyotuliza umeme kwenye karti mama. Halafu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza risasi katika vifaa vya elektroniki, na mafundi wa viwandani wakahamia kulehemu kwa bati karibu tupu, na kasiteriti ya kutoa bati inachimbwa pia kwetu, Bisie katika Walikale. Siwezi kusema kwamba bodi iliyo mezani kwako ina jiwe la kilima chako. Lakini mashini hizi zilipokwisha kutumiwa Ulaya na kurudi huku kama okazioni, baadhi yake zilikuwa zinarudi karibu na zilikotoka.

Turudi kwenye upepo. Septemba 2001 jarida la Tom's Hardware, lililoanzishwa na daktari mmoja Mjerumani, Thomas Pabst, lilionyesha filamu fupi iliyowatisha watu wengi. Waliwasha mashini, wakaiacha ifanye kazi ngumu, halafu wakaondoa radiateri juu ya prosesa bila kuzima. Pentium 4 ilipunguza mwendo wake yenyewe na kuendelea kutambaa. Pentium III iligandamana, lakini ilipona. Athlon za AMD zilitoa moshi na kufa kwa muda mfupi sana. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anayeondoa radiateri mashini ikiwaka. Hata hivyo filamu ile ilifundisha jambo: kipimo cha joto kilipaswa kuwa ndani ya prosesa yenyewe. Bodi nyingi za wakati huo zilikuwa na kipimo chini ya prosesa, mahali inapochomekwa, na kufikia joto lifike pale, prosesa ilikuwa imeshakwenda. Polepole vipimo vikahamia ndani, na chipu inayoamuru ventilateri ikaanza kupata habari za kweli na za haraka.

Kisha ukaja mwaka 2004, na kwangu mimi huo ndio mwaka mkubwa wa historia hii. Mwezi wa Februari Intel ilitoa Pentium 4 ya kizazi kipya iliyopewa jina la Prescott. Zile za kasi zilipita wati 100. Ilikuwa moto kiasi kwamba kabla ya mwaka kwisha Intel iliacha mpango wake wa kufikisha gigahezi 4 na kufuta prosesa nyingine iliyokuwa njiani. Kwa joto kama lile, ventilateri ya kasi moja ingepiga kelele mchana kutwa katika ofisi za watu. Basi Intel iliandika kanuni mpya ya ventilateri zenye nyaya nne, na plagi ya pini 4 ikaonekana kwenye bodi za mwaka uleule.

Waya wa nne ndio waya wa amri. Volti 12 zinaingia kamili kila wakati kwa waya wa njano. Mfanyakazi anakula chakula chake chote. Wa kijani unarudisha hesabu ya mizunguko. Wa buluu unaleta amri, na amri yenyewe ni kuwasha na kuzima mara 25,000 kwa kila sekunde. Mafundi wanaiita kwa herufi tatu, PWM. Kuielewa si kazi kubwa kwa mtu wa Goma. Mtazame kijana kwenye chukudu. Hasukumi ardhi kwa mguu bila kupumzika. Anasukuma, anaacha, anasukuma. Chukudu haisimami kati ya msukumo mmoja na mwingine, inateleza. Akitumia muda mrefu kusukuma na mfupi kupumzika, anakwenda mbio. Akisukuma kidogo na kuacha sana, anakwenda taratibu. Ventilateri vilevile: amri ikiwa "washa" kwa nusu ya muda, inakwenda karibu nusu ya kasi.

Kwa nini 25,000? Kwa sababu sikio la mtu linaishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mbinu za zamani za kukata umeme polepole ziliifanya ventilateri itoe mlio kama wa nzi. Juu ya 20,000 mlio upo, lakini hakuna anayeusikia, labda mbwa.

Na kuna kipengele kimoja katika kanuni ile ninachokipenda kuliko vyote. Kama waya wa amri umekatika, au bodi haisemi kitu, ventilateri inatakiwa kuzunguka kwa kasi yake yote. Mashini inayonguruma bila kukoma ina maana yake. Pengine prosesa ina moto kweli. Pengine amri haifiki. Kwa vyovyote ventilateri inakulinda wakati wewe unakasirika, na fundi anayeikata nyaya ili nyumba iwe na utulivu anamfukuza mlinzi.

Ventilateri za sanduku, zile za nyuma na mbele zinazoingiza na kutoa hewa, zilichelewa kupata heshima hiyo. Kwa miaka mingi bodi ziliwapa prosesa tu pini 4, na sanduku likabaki na pini 3 za zamani. Baadhi ya bodi zilikuwa na pini 4 kwa sanduku, lakini ya nne haikuwa na kazi. Kasi ilikuwa bado inapunguzwa kwa volti. Hapo ndipo mafundi wetu wanachanganyikiwa, kwa sababu plagi zinaingiliana. Ventilateri ya nyaya 3 inaingia vizuri kwenye pini 4, lakini kama bodi inaamuru kwa PWM pekee itazunguka kwa kasi yote. Ventilateri ya nyaya 4 kwenye pini 3 nayo inafanya kazi, bila kusikia amri ya waya wa nne. Hakuna hatari katika hayo. Hatari ipo kwingine: pini za ventilateri kwenye bodi kwa kawaida zinabeba amperi 1 tu. Kuunganisha ventilateri kubwa nne kwenye mahali pamoja, kama nilivyokwisha kuona kwenye meza zaidi ya moja mjini, kunaweza kuunguza njia ya bodi, na bodi ni ghali kuliko ventilateri zote hizo.

Kulikuwa pia na wale waliotaka kuamuru kwa programu, bila kungojea kampuni. Kwa Linux, mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa kujitolea walianza mradi wa lm_sensors, uliopata jina lake kutoka kwa zile chipu za LM. Humo mna programu ndogo inayosoma joto na kuandika namba kati ya 0 na 255: 0 simama, 255 kimbia. Kwa Windows, Mwitaliano Alfredo Milani Comparetti aliandika SpeedFan, ambayo watu wengi waliitumia kwa miaka mingi bure. Siku hizi kazi hiyo inafanyika zaidi katika BIOS, ile skrini inayofunguka kabla ya Windows. Unaingia kwa kubonyeza Delete kwenye bodi nyingi, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi. ASUS wanaita sehemu hiyo Q-Fan, Gigabyte wanaita Smart Fan. Utakuta mstari unaopanda: kwenye digrii hizi zunguka asilimia hizi, kwenye digrii zile zunguka asilimia zile.

Sasa, mstari huo uliandikwa na nani, kwa ajili ya nani? Hapa nina maoni yangu. Uliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi katika ofisi safi, karibu na usawa wa bahari, mwenye umeme usiokatika, ambaye adui yake mkubwa ni kelele. Ziwa Kivu liko meta 1,460 juu ya bahari, na nyumba zetu ziko juu ya ziwa. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya saba kuliko ya pwani. Ventilateri inasukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni kidogo, kwa hiyo inabeba joto kidogo. Wahandisi wa seva kubwa wanalijua hili. Kanuni zao hupunguza joto linaloruhusiwa kwa digrii 1 kila meta 300 ukivuka kimo cha meta 900. Mashini ya mezani haina anayeipunguzia.

Ongeza vumbi. Mji uliofunikwa na lava mwaka 2002 na kuguswa tena Mei 2021 una vumbi jeusi la mawe ya volkano, zito, linalosugua. Linajaza mabawa ya radiateri mpaka yanakuwa kama kitambaa. Ventilateri inazunguka, namba kwenye BIOS ni nzuri, lakini hewa haipiti. Na ile desturi ya kuondoa ubavu wa sanduku "ili ipumue" siikubali. Sanduku lililofungwa lina njia: hewa inaingia mbele, inapita juu ya bodi, inatoka nyuma. Ukilifungua, njia inapotea na vumbi linaingia kutoka pande zote. Afadhali kulifunga, kuweka kipande cha soksi nyembamba ya nailoni mbele kama kichujio, na kusafisha kwa burosi laini kila mwezi, huku ukiishika ventilateri kwa kidole isizunguke.

Mashini nyingi za okazioni zinazofika hapa zilikuwa za ofisi, za HP, Dell au Lenovo, na hazionyeshi mstari wote. Zinakupa neno moja tu. Kwenye HP nyingi za ofisi kuna sehemu ya kuongeza kasi ya chini kabisa kwa asilimia. Kuiweka kwenye 20 au 30 kunaleta kelele kidogo na kuondoa joto linaloganda. Lenovo nyingi zinauliza kama unapendelea utulivu au ubaridi, na zinatoka kiwandani zikiwa zimechaguliwa utulivu. Chagua ubaridi. Dell mara nyingi zina plagi zao wenyewe ambazo haziingiliani na za wengine, kwa hiyo ukiona ventilateri ya Dell iliyokufa usiitupe kabla ya kupata yenye plagi kama yake.

Kwa anayetumia paneli za jua na batri, kuna hesabu nyingine ya kuvutia. Umeme unaoliwa na ventilateri haupungui sawasawa na kasi. Ukiigawa kasi kwa mbili, kwa hesabu ya vitabu umeme unashuka hadi sehemu moja kati ya nane. Ventilateri ya wati 2.4 inabaki na wati 0.3. Ukiwa na tatu za sanduku unaokoa wati 6 hivi, yaani taa moja ya LED ya kusomea usiku kucha. Kwa hiyo usiku, mashini ikiwa inachapa tu na chumba kimepoa, mstari wa chini una faida yake. Mchana, watu wakiwa wamejaa ndani na jua kwenye bati, uache upande.

Bado kuna jambo moja linalofanya kazi hii yote ipotee, nalo ni dogo kama sarafu. Katika mashini za zamani maamuzi yako ya BIOS yanahifadhiwa na batri ya mviringo ya volti 3, CR2032, iliyokaa kwenye karti mama. Huko zilikotoka, mashini ilikuwa na umeme ukutani siku zote, hivyo batri iliyochoka haikuonekana. Hapa umeme ukikatika tu, kila kitu kinasahaulika na bodi inarudi kwenye amri za kiwandani. Utaitambua kwa saa: mashini inawaka ikidai ni mwaka 2009, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe. Mwombe fundi abadilishe batri hiyo kwanza, mashini ikiwa imechomolewa ukutani. Halafu ingia BIOS, weka tarehe, weka ventilateri, hifadhi kwa F10. Zima umeme kabisa dakika chache, washa tena, uangalie kama imekumbuka.